Walter Rodney: Mtoto wa Fundi Cherehani Aliyefundisha Mlimani

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika orodha ndefu ya wahadhiri waliopata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapo waliozeekea Mlimani na wapo waliopita kwa muda mfupi. Walter Anthony Rodney ni wa kundi la pili. Ukijumlisha vipindi vyake viwili, alikaa nchini miaka isiyozidi saba. Alifika akiwa kijana wa miaka 24, akaondoka akiwa na miaka 32. Hata hivyo, ni vigumu kueleza jinsi chuo hicho kilivyojipatia sifa barani Afrika katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha bila kulitaja jina lake. Kitabu alichokiandika Dar es Salaam kingali kinasomwa katika vyuo vikuu vya ndani na nje ya bara hili.

Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi 1942 mjini Georgetown, makao makuu ya koloni la Waingereza la British Guiana, ambalo tangu lilipopata uhuru mwaka 1966 linaitwa Guyana. Baba yake, Edward, alikuwa fundi cherehani. Mama yake, Pauline, alishona nguo nyumbani huku akilea watoto. Ilikuwa familia ya wafanyakazi, na riziki yake ilitoka katika sindano na uzi.

Guyana iko Amerika Kusini, lakini historia yake imefungamana na Afrika na Asia. Utajiri wa koloni ulikuwa sukari, na miwa ililimwa kwanza na watumwa waliotolewa Afrika. Watumwa hao walipopata uhuru kamili mwaka 1838, mwaka huohuo wenye mashamba walianza kuleta vibarua wa mkataba kutoka India. Wazao wa makundi hayo mawili ndio wengi nchini humo hadi leo, na swali la namna ya kuishi pamoja kama taifa moja ndilo lililotawala siasa za nchi hiyo katika uhai wote wa Rodney. Asiyelijua hilo atapata taabu kuelewa kwa nini baadaye aliacha kazi ya heshima Dar es Salaam na kurejea kwao.

Siasa aliikuta nyumbani. Wazazi wake walikuwa wafuasi wa chama cha PPP, ambacho kilipoanzishwa mwaka 1950 kiliwaunganisha watu wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India katika madai ya kujitawala. Mwaka 1953 ulipofanyika uchaguzi wa kwanza ulioruhusu kila mtu mzima kupiga kura, Walter alikuwa na umri wa miaka 11, na kazi aliyopewa ilikuwa kusambaza vipeperushi vya chama mitaani. PPP kilishinda. Siku 133 baadaye Serikali ya Uingereza ilileta majeshi, ikasimamisha katiba na kuwaondoa mawaziri waliochaguliwa. Miaka miwili baada ya hapo chama kiligawanyika, na mgawanyiko huo hatimaye ulifuata rangi na asili za watu. Somo hilo kijana Rodney hakulipata kitabuni.

Alipata nafasi ya masomo Queen's College, shule ya sekondari iliyoheshimika kuliko zote katika koloni, akajulikana huko kwa midahalo na riadha. Mwaka 1960 alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha West Indies, katika kampasi ya Mona nchini Jamaica, na mwaka 1963 alihitimu shahada ya historia katika daraja la kwanza. Kutoka hapo alikwenda London kusomea shahada ya uzamivu katika chuo cha taaluma za Afrika na Asia kinachofahamika kwa kifupi chake cha SOAS. Mwaka 1965 alifunga ndoa na Patricia Henry, mwenzake kutoka Guyana, ambaye alikuwa naye hadi mwisho wa maisha yake.

Mada ya tasnifu yake yafaa ielezwe, kwa sababu inaonesha alikuwa mtafiti wa namna gani. Alichagua historia ya pwani ya Upper Guinea, yaani ukanda wa Afrika Magharibi unaoanzia Gambia hadi Cape Mount katika Liberia ya sasa, kati ya mwaka 1545 na mwaka 1800. Nyaraka za karne hizo hazikuandikwa kwa Kiingereza. Ziliandikwa na mabaharia, wafanyabiashara na wamisionari wa Kireno na Kihispania, na zimehifadhiwa Lisbon, Seville na Rome. Rodney alijifunza Kireno na Kihispania ili azisome mwenyewe. Alichokikuta kilimfanya apingane na dhana iliyokuwa imekubalika wakati huo, kwamba biashara ya utumwa ya Atlantiki iliukuta utumwa tayari umeshamiri Afrika na kuuendeleza tu. Katika eneo alilolichunguza, alisema, ushahidi unaonesha kinyume chake: ni biashara hiyo ya nje iliyozidisha utumwa wa ndani. Alitunukiwa shahada yake mwaka 1966, na kazi hiyo ikachapishwa kuwa kitabu na Oxford University Press mwaka 1970.

Nje ya maktaba, London ilimpa shule nyingine. Alisimama na kuhutubia katika kona ya wasemaji ya Hyde Park, mahali ambapo msikilizaji asiyeridhika huondoka au humkatiza msemaji papo hapo. Alishiriki pia katika darasa la usomaji lililoongozwa na C.L.R. James, mwanahistoria wa Trinidad, pamoja na vijana wengine wa visiwa vya Karibi. Tabia ya kusema ili aeleweke na mtu yeyote, bila kupunguza uzito wa hoja, aliianzia huko.

Mwaka huohuo wa 1966 aliajiriwa kuwa mhadhiri wa historia Dar es Salaam. Chuo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Idara ya Historia ilikuwa na kazi isiyokuwa na mfano wa kuigwa, yaani kutunga upya masomo ya historia katika nchi ambayo watoto wake walikuwa wamefundishwa kwamba historia yao ilianza siku wageni walipotia nanga. Chini ya Profesa Terence Ranger, idara hiyo ilijenga mtazamo uliokuja kujulikana duniani kwa jina la mji huu. Watafiti wake waliwatazama Waafrika kama watendaji katika historia yao, na walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee pamoja na kusoma majalada ya serikali za kikoloni.

Rodney hakuishia katika mihadhara. Mwaka 1967 Chama cha Historia cha Tanzania kilimchapishia kijitabu kuhusu Afrika Magharibi na biashara ya utumwa ya Atlantiki, kilichowalenga walimu na wanafunzi wa shule. Mtu aliyetoka kutetea tasnifu mbele ya maprofesa wa London alikaa chini na kuliandika upya jambo lilelile katika kurasa chache ambazo mwalimu wa sekondari angeweza kuzitumia darasani. Kijitabu hicho ni kidogo, na mara nyingi husahaulika katika orodha ya kazi zake. Hata hivyo ndicho kinachotangulia kila alichokifanya baadaye.

Miezi aliyofika ilikuwa ya moto. Oktoba 1966 mamia ya wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Julius Nyerere aliwarudisha makwao. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, na mwezi uliofuata ukafanyika mkutano wa kujadili wajibu wa chuo kikuu katika Tanzania ya kijamaa. Msomi ana deni gani kwa mkulima anayemlipia masomo? Swali hilo lilijadiliwa mabwenini, katika magazeti na katika vikao vya TANU. Mji wenyewe ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walikuwa na ofisi hapa. Kwa mwanahistoria kijana aliyetoka katika koloni, hapakuwa na mahali pengine duniani pa kulinganisha na hapa.

Hata hivyo aliondoka. Januari 1968 alianza kufundisha Jamaica, katika chuo kilichomlea. Kazi hiyo haikudumu mwaka mmoja. Mbali na vipindi vyake darasani, Rodney alikuwa akienda katika mitaa ya maskini ya Kingston, mara nyingi siku za Jumapili, akaketi na Marasta na vijana wasio na ajira kuzungumza juu ya Ethiopia, Benin na Zimbabwe ya kale. Serikali ya Jamaica iliona katika mazungumzo hayo hatari kwa usalama. Tarehe 15 Oktoba 1968, akirejea kutoka mkutano wa waandishi weusi mjini Montreal, alizuiwa kushuka katika ndege. Siku iliyofuata wanafunzi waliandamana, wakazi wa mitaa ya maskini wakajiunga nao, na siku hiyo ikaishia kwa vifo na mabasi kuchomwa moto. Mazungumzo yake na watu wa Kingston yalikusanywa na kuchapishwa London mwaka 1969, na wachapishaji wake, Bogle-L'Ouverture, walianzisha shughuli yao kwa kitabu hicho.

Mwaka huo wa 1969 alirudi Dar es Salaam pamoja na familia yake. Kipindi hiki cha pili, kilichoendelea hadi 1974, ndicho kilichozaa matunda makubwa. Binti zake wawili, Kanini na Asha, ni wazaliwa wa Tanzania. Mwezi Julai 1970 chuo kikawa chuo kikuu kamili cha Taifa. Alifundisha historia ya Afrika, akafundisha pia historia ya mapinduzi ya Urusi, na mihadhara yake juu ya somo hilo ilikuja kuchapishwa kitabu mwaka 2018, karibu miaka 40 baada ya kifo chake. Alichunguza kazi za vibarua katika mashamba ya mkonge na uchumi wa Tanganyika wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Jumapili, wakati wenzake wengi wakipumzika, alikuwa miongoni mwa walimu waliokaa na wanafunzi katika madarasa ya itikadi yaliyoandaliwa na umoja wao wa kimapinduzi, uliokuwa ukitoa jarida la Cheche. Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Uganda, alipata kuwa kiongozi wa umoja huo.

Uhusiano wake na wenye nchi haukuwa wa kusifiana tu. Desemba 1969, baada ya kutoa mada katika semina ya vijana iliyofanyika chuoni, gazeti la The Nationalist, lililokuwa sauti ya TANU, lilimkosoa vikali katika tahariri yake. Gazeti lilimwona kuwa anachochea kuangushwa kwa serikali za Afrika huru, jambo lisilovumilika kwa mgeni anayeishi katika nchi yenye urafiki na majirani zake. Rodney alijibu kwa maandishi, akaeleza alichokusudia, na hakuukana msimamo wake wa msingi. Karipio hilo lilikuwa zito. Jamaica ilikuwa imemfungia mlango kwa maneno mepesi kuliko hayo. Dar es Salaam ilimkaripia hadharani, kisha ikamwacha aendelee kufundisha. Novemba 1970 umoja wa wanafunzi na jarida lao vilipigwa marufuku, lakini mhadhiri alibaki katika idara yake kwa karibu miaka minne zaidi. Tofauti hiyo haina budi kuandikwa na yeyote anayeeleza historia ya uhuru wa taaluma nchini, kwa pande zake zote mbili.

Mwaka 1970 pia alikwenda Makerere kujadiliana hadharani na Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa na mtazamo tofauti kabisa na wake. Waliohudhuria mjadala huo waliuzungumzia kwa miaka mingi.

Kisha kikaja kitabu. How Europe Underdeveloped Africa, chenye kueleza namna Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika, kilitolewa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Mswada ulisomwa na kukosolewa na vijana wawili wa chuoni, Karim Hirji na Henry Mapolu, ambao mwandishi aliwashukuru kwa majina katika dibaji. Neno la mwisho liliandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu, mwanasiasa wa Zanzibar aliyepata kuwa waziri katika Serikali ya Muungano. Mwandishi aliamua kwa makusudi kuacha tanbihi nyingi ambazo wasomi huzitarajia. Badala yake, mwisho wa kila sura aliweka maelezo mafupi ya vitabu ambavyo msomaji angeweza kuendelea navyo.

Hoja yake ni rahisi kuieleza, ingawa si rahisi kuimaliza. Umaskini wa Afrika, alisema, si hali ya asili iliyosubiri kuponywa na wageni, na wala haukutokana na uvivu au uchache wa akili. Umaskini huo na utajiri wa Ulaya vilikua pamoja, kimoja kikikilisha kingine. Kitabu kinaanza na Afrika ya kabla ya karne ya 15: Misri, Ethiopia, Nubia, dola za Sudan ya Magharibi, Zimbabwe, na falme za eneo la Maziwa Makuu kama Bunyoro, Karagwe na Rwanda. Kinaeleza kilichotokea wakati biashara ya utumwa ilipowaondoa vijana wenye nguvu za kulima, kufua chuma na kuzaa. Kisha kinageukia ukoloni wenyewe, na hapo mwandishi anafuata fedha hatua kwa hatua. Anaonesha, kwa mfano, jinsi kampuni ya Unilever ilivyokua kutokana na mawese na karanga za wakulima wa Afrika Magharibi, hadi sabuni na siagi ya mimea vikawa utajiri wa miji ya Ulaya.

Sehemu inayokumbukwa na wasomaji wengi ni ile ya barabara na reli. Waliotetea ukoloni walizitaja kama zawadi. Rodney aliwaomba wasomaji watazame ramani: karibu zote zilielekea baharini. Zilijengwa kufuata madini, kahawa na pamba. Hazikukusudiwa kumfikisha Mwafrika kwa Mwafrika mwenzake. Maneno hayo yalikuwa na maana ya pekee kwa msomaji wa Dar es Salaam wa mwaka 1972, kwa sababu wakati huo Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa ikijengwa kwa msaada wa China. Reli hiyo nayo inaishia baharini. Lakini ilijengwa kwa uamuzi wa Tanzania na Zambia, ili shaba ya Zambia isilazimike kupitia katika nchi zilizotawaliwa na walowezi na Wareno.

Wapo wanauchumi na wanahistoria waliokikosoa kitabu hicho kwa kuhesabu upande mmoja wa daftari na kwa kuupa nafasi ndogo mchango wa watawala wa Kiafrika wenyewe. Ukosoaji huo una nafasi yake, na Rodney mwenyewe hakuwa mtu wa kukwepa mabishano. Lakini kabla ya 1972 mzigo wa kuthibitisha ulikuwa juu ya Mwafrika aliyedai kuwa aliporwa. Baada ya kitabu kile, aliyedai kuwa ukoloni ulikuwa na faida ndiye aliyetakiwa kuleta hesabu zake.

Mwaka 1974, kitabu kikiwa kimeanza kuenea, Rodney alifungasha. Sababu alizotoa zinastahili kusikilizwa hasa na wazungumzaji wa Kiswahili. Alikuwa amejifunza lugha hii na aliitumia, lakini aliona kwamba hajaifikia kina chake. Mwalimu anayetaka kufanya kazi na wakulima na wafanyakazi, alieleza, lazima aijue lugha yao pamoja na mizaha yake, mafumbo yake na yale yanayosemwa kwa kunyamaza. Chuoni Kiingereza kilimtosha. Nje ya geti la chuo hakikutosha. Watu ambao lugha yao aliijua kwa namna hiyo walikuwa Guyana, na Guyana ilikuwa ikimhitaji. Wasomi wengi wa kigeni waliowahi kufanya kazi barani humu walikaa miongo mingi bila kujiuliza swali hilo hata mara moja.

Alirudi kuchukua nafasi ya profesa na mkuu wa Idara ya Historia katika Chuo Kikuu cha Guyana. Familia ilikuwa imekwisha kujiandaa wakati Serikali ya Forbes Burnham ilipoingilia kati na uteuzi huo ukafutwa. Hakupewa sababu ya kitaaluma, na isingepatikana. Vyuo vya nje vilimtaka, na angeweza kuondoka. Alikwenda kwa vipindi vifupi kufundisha Marekani na Ujerumani ili apate fedha za kulisha watoto watatu, na kila mara alirudi Georgetown.

Asiyekuwa na darasa akajitengenezea madarasa. Nyumba nyingi za pwani ya Guyana hujengwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko, na uwazi wa chini ya nyumba ni mahali pa kupumzika na kupokea wageni. Humo ndimo Rodney alimofundisha, na pia katika mji wa wachimba bauksaiti wa Linden na katika vijiji vya wakata miwa. Wasikilizaji wake walikuwa wa asili ya Afrika na wa asili ya India, wameketi pamoja, jambo ambalo siasa za nchi hiyo zilikuwa zimelifanya kuwa nadra. Alianza pia kuandika mfululizo wa hadithi za watoto kuhusu jinsi mababu wa kila kundi walivyofika nchini. Alimwandika Kofi Baadu aliyetoka Afrika na Lakshmi aliyetoka India. Alikusudia mtoto wa kila asili asome safari ya mwenzake.

Katika miaka hiyohiyo ya kukosa ajira alifanya utafiti wake wa mwisho, juu ya wafanyakazi wa Guyana kati ya mwaka 1881 na mwaka 1905. Kitabu kinafunguka kwa tope. Pwani inayolimwa iko chini ya usawa wa bahari wakati maji yanapojaa, na bila kuta na mifereji hakuna shamba. Rodney alionesha kwamba kabla ya kukatwa muwa wa kwanza, watumwa walihamisha kwa koleo na mikono yao tani zisizopungua milioni 100 za udongo mzito uliolowa maji.

Wakati huo siasa ilikuwa imemchukua. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa Working People's Alliance, harakati iliyokataa kugawanya wapiga kura kwa asili zao. Julai 1979 alikamatwa na kushtakiwa pamoja na wenzake kwa kuchoma jengo la serikali, shtaka walilolikana. Aprili 1980, akiwa bado na kesi hiyo, aliondoka nchini kwa siri kwenda Harare, ambayo wakati huo iliitwa Salisbury, kuhudhuria sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Kisha akarudi tena Georgetown.

Jioni ya Ijumaa tarehe 13 Juni 1980 alikuwa ndani ya gari pamoja na mdogo wake, Donald. Walikuwa wamepokea redio ya mawasiliano ya mkononi kutoka kwa Gregory Smith, fundi wa elektroniki aliyepata kuwa sajini wa jeshi, na walikuwa wakiijaribu. Redio hiyo ilikuwa na bomu. Walter Rodney alikufa akiwa na miaka 38, na Donald alijeruhiwa. Smith alikimbilia French Guiana, na alifariki mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani. Maelfu ya watu walishiriki mazishi, Waguyana wa asili ya Afrika na wa asili ya India wakitembea pamoja barabarani.

Kitabu cha wafanyakazi wa Guyana kilitoka Marekani mwaka 1981, na mwaka uliofuata kikatunukiwa tuzo na chama cha wanahistoria wa nchi hiyo. Mwaka 1993 Serikali ya Guyana, iliyokuwa imebadilika, ilimtunuku nishani ya juu kabisa ya Taifa. Chuo Kikuu cha Guyana, ambacho uteuzi wake ulifutwa mwaka 1974, sasa kina kiti cha uprofesa wa historia kwa jina lake. Tume ya uchunguzi iliyoanza kazi mwaka 2014 ilikabidhi ripoti mwaka 2016, ikahitimisha kuwa mauaji yale yalikuwa njama iliyohusisha vyombo vya dola na kwamba Burnham aliifahamu.

Ilibaki karatasi moja. Kwa zaidi ya miaka 40, cheti cha kifo cha Walter Rodney kilieleza kwamba alikufa kwa ajali ya bahati mbaya, na katika nafasi ya kazi ya marehemu kiliandika kuwa hakuwa na ajira. Mwaka 2021 Serikali ya Guyana ilitangaza kwamba cheti hicho kisahihishwe. Chanzo cha kifo kiwe mauaji, na kazi ya marehemu iandikwe profesa.